Kobe wa Dimbwi la Akina Balevičius

Kobe wa kwanza alikatwa vipande viwili na meno ya katapila kabla Teofilė Balevičienė hajafika ukingoni. Wa pili alimwona kwa macho yake mwenyewe: gamba jeusi lenye madoa ya njano, madogo kama mtama uliomwagika, lilipanda pamoja na tope, likaning'inia kwenye jino la chuma, kisha likaanguka juu ya jiwe na kupasuka kama sahani. Ulikuwa mwisho wa mwezi wa kumi. Baridi ilikuwa imekwisha kuwashusha kobe wote, maana hawa ni kobe wa majini, chini ya dimbwi, wakajifukia kwenye tope kulala mpaka theluji ije na iondoke. Anayechimba dimbwi majira hayo anachimba kitanda chenye wenyewe ndani.

“Zima!” alipiga kelele. “Zima hilo lidude, muuaji wewe!”

Zenonas, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amesimama pembeni na sigara mdomoni, mikono mfukoni, kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiezekwa.

“Shemeji, rudi nyumbani ukapashe supu,” alisema bila kugeuka. “Hapa pana kazi.”

“Kazi gani? Unawakata wakiwa usingizini!”

“Nafuga samaki. Samaki watakuja mwezi wa nne. Unataka nimwage vifaranga humu viliwe na hawa mashetani wenye magamba?”

“Wanakula konokono na wadudu. Nilikufundisha hayo darasani, Zenonas. Ulikaa dawati la nyuma ukichonga jina lako kwenye meza, na hata jina lenyewe ulilikosea.”

Dereva wa katapila alicheka kwa sauti. Kama asingecheka, huenda mambo yangeishia kwenye maneno. Zenonas alitema sigara, akamsukuma shemeji yake kwa viganja viwili kifuani, na Teofilė akayumba nyuma, akajipindua ili ajishike, akaanguka kifudifudi kwenye lundo la tope.

Tope lilimwingia mdomoni, puani, ndani ya kola ya koti lake la kanisani. Juu yake mkono wa katapila uliendelea kupita, ukichota na kumwaga, ukichota na kumwaga. Hakunyanyuka. Alipapasa kwa mikono yote miwili ndani ya lile tope, akishika magamba yaliyopasuka, mguu usio na mwenyewe, kitu laini ambacho hakutaka kukitazama, mpaka vidole vyake vikagusa gamba zima, zito, baridi kama jiwe la kisimani. Alilipangusa. Nyuma yake, kwenye ukingo wa gamba, palikuwa na pengo lenye pembe tatu, lililokatwa kwa tupa.

Alilijua pengo lile. Akaketi pale pale topeni na kumpakata yule kobe, huku kunguru wakiwa wamekwisha kushuka kuwagombea wenzake.

Teofilė alikuja kijijini akiwa msichana mwenye cheti cha ualimu, sanduku moja, na viatu visivyofaa kwa njia za huko. Baba yake alikuwa mfamasia mjini Alytus, na kwao watu walizungumza kwa sauti ya chini na kufunga milango bila kuibamiza. Akaolewa na Feliksas Balevičius, akawa Balevičienė kama wanavyoitwa wake huko; Feliksas alikuwa mtoto mkubwa wa nyumba ambayo kila mlango wake ulikuwa na ufa. Akina Balevičius walikuwa watu wa kazi. Hawakumwibia mtu, hawakumdhulumu yatima, na mgeni hakuondoka kwao bila mkate na nyama ya kukausha. Ila walipiga. Mzee aliwapiga wanawe kwa hatamu za farasi, wanawe walipigana wao kwa wao, farasi walipigwa, mbwa walipigwa, na mke akionekana kisimani na jicho jeusi alisema ameteleza. Kijiji kizima kilijua kwamba katika ua ule watu huteleza sana. Hata kiangazi.

Ni katika ua ule alipomwona kobe huyu kwa mara ya kwanza. Ndani ya banda la nguruwe, karibu na jiko, palikuwa na pipa la mbao la uji wa nguruwe: viazi vilivyopondwa, maganda, maji ya vyombo, vyote vikiwa vuguvugu na vimechacha. Watu wa sehemu zile waliamini kwamba kobe akiishi ndani ya pipa hilo, nguruwe hawashikwi na homa, na mafuta yao huwa mapana kama kiganja. Kila nyumba iliyojiheshimu ilikuwa na kobe wake pipani, akiogelea gizani ndani ya uji mpaka afe, kisha anatafutwa mwingine. Mzee alimkata wake alama kwa tupa ili jirani asimwibe.

Bibi harusi mwenye cheti chake alilitazama lile pipa kwa majira mazima ya baridi. Majani yalipochipua alilisukuma kwa bega mpaka likapinduka, uji ukafurika banda zima, akamtia kobe kwenye aproni na kumpeleka dimbwini. Aliporudi, Feliksas alimpiga kofi mbele ya baba yake, kofi la kuonyesha watu. Teofilė hakulia. Alichukua upawa wa chuma uliokuwa jikoni, akampiga nao mdomoni, na jino likaanguka sakafuni, likabingirika mpaka miguuni mwa mzee.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. “Huyu ni wetu,” alisema.

Kesho yake mama jirani aliuliza kuhusu jino, na Teofilė akasikia mdomo wake mwenyewe ukijibu: “Ameteleza.” Lilitoka kwa wepesi uliomshangaza. Feliksas hakumpiga tena maisha yake yote. Alijifunza kufunga mlango polepole, akawa mume mwema, akafa kitandani akiwa amemshika mkono. Lakini tangu siku ya jino, mke ndiye aliyekuwa mlinzi wa jina la nyumba. Zenonas akivunja pua ya mtu arusini, asubuhi Teofilė alikuwa mlangoni kwa mwenye pua na jibini jeupe lililofungwa kwenye kitambaa, na maneno mazuri, na sababu. Watu walipokea jibini. Sababu waliiacha ipite.

Sasa ilibidi azike kobe. Aliwazika mwenyewe, chini ya mti wa msonobari, vipande alivyoweza kuwanyang'anya kunguru. Dimbwi lilikuwa nusu upande wake, nusu upande wa Zenonas, na halijagawanywa tangu enzi za mzee. Zenonas alilichimba lote. Kingo zilizokuwa zikiteremka taratibu, zenye nyasi na tope laini, zilikatwa wima kama kuta za kaburi, na kilima cha mchanga kilichotazama jua, ambapo kobe jike walitaga, kilisawazishwa.

“Mwalimu,” alisema jirani yake Marcelė, aliyekuja kuazima chachu na kubaki saa nzima, “usikasirike nikikwambia. Kanisani wanasema kunguru wa kijiji kizima wamenenepa kwa hisani ya akina Balevičius.”

“Nani anasema?”

“Watu.”

“Watu wana majina, Marcelė.”

“Basi mimi nasema. Na wenzangu wanaitikia.” Marcelė aliona aibu kidogo, halafu akaiacha aibu ile. “Wazee wenu waliwatesa pipani, vijana wenu wanawakata kwa mashine. Haya, niambie mimi ni mwongo.”

Teofilė alimpa chachu, akamfungulia mlango, akateremka kwenye chumba cha chini ya nyumba walipoweka viazi. Pale, kwenye beseni la bati lenye maji ya dimbwi na majani yaliyooza, yule kobe mwenye pengo alikuwa amelala, kichwa ndani, macho yamefumbwa, bila kuvuta pumzi ya kuonekana. Mahali pale hapakuganda wala hapakupata joto. Teofilė aliinama juu ya beseni na kujiwekea ahadi, kwa sauti, maana alikuwa peke yake: barafu ikiyeyuka, huyu atarudi akiwa hai kwenye dimbwi lile lile, mchana, watu wakitazama, na atakayemrudisha ni mtu wa jina la Balevičius. Kobe akifa, basi Marcelė amesema kweli, na itabaki kweli hata wote wakishazikwa.

Mwezi wa pili homa iliingia kwenye mabanda. Nguruwe wa Zenonas walianza kufa. Jumapili moja, Teofilė aliporudi kutoka misani, aliona nyayo kubwa kwenye theluji kutoka kwa shemeji yake mpaka mlango wa chumba cha viazi, na kufuli likiwa limekatwa kwa shoka. Viazi vilikuwa vimetawanyika. Beseni lilikuwa tupu.

Hakubadilisha nguo. Alivuka ua kwa viatu vya kanisani na kuingia kwenye banda la nguruwe. Ndani mlinuka kinyesi na kifo. Nguruwe jike mmoja alikuwa amelala ubavu, akihema kwa mkoromo, mashavu yamekuwa ya zambarau. Mwingine alikuwa amekwisha kufa, na Zenonas alikuwa akimkokota kwa miguu ya nyuma kuelekea mlangoni, mikono yake yote damu, kwa sababu alikuwa amemchinja alipomwona anakata roho, asije akapoteza nyama.

“Yuko wapi?”

“Nani?”

“Usiniulize nani!”

Zenonas alionyesha pipa kwa kidevu. Lilikuwa lile lile la baba yake, limefungwa pete mpya. Mvuke ulitoka juu. Teofilė alichungulia, na katikati ya maganda ya viazi aliona kichwa kidogo kimenyanyuliwa, macho ya njano yamefunguka, yakimtazama.

“Umemwamsha,” alisema.

“Nguruwe wangu wanakufa, shemeji! Unawaona? Baba hakupoteza hata mmoja.”

“Baba yako alipoteza nusu ya meno ya familia hii. Zenonas, nisikilize. Ameamka na tumbo tupu. Atateketea kabla barafu haijaondoka.”

“Si atakula uji.”

“Hali uji! Hajawahi kula uji! Mliwaua wote humu kwa njaa, mkadhani wanazeeka!”

Alitumbukiza mkono ndani ya pipa, koti na yote, mpaka begani. Zenonas alimwacha nguruwe, akamkamata nywele na kumvuta nyuma. Teofilė hakuachia gamba. Waliyumba hivyo, yeye akiwa na kobe kifuani, shemeji yake akiwa na nywele zake mkononi, wakiteleza kwenye damu, kweli kabisa wakiteleza, mpaka wakagonga kizingiti. Teofilė aligeuza kichwa na kumng'ata sikio. Aling'ata kama anavyong'ata mtu asiyekusudia kuachia. Zenonas alinguruma, na kwa mkono wake mwingine akaubamiza mlango wa banda, mlango mzito wa mbao za msonobari, juu ya kiwiko cha mkono wa kulia wa Teofilė.

Wote wawili walisikia mfupa ukivunjika.

Nguruwe jike alikoroma. Zenonas alirudi nyuma hatua moja, damu ikimtiririka shingoni, akautazama ule mkono ulioning'inia vibaya.

“Shemeji,” alisema. “Sikutaka...”

“Fungua mlango.”

Alifungua. Teofilė akatoka, kobe akiwa ndani ya koti upande wa kushoto, kipande cha sikio bado mdomoni. Alikitema kwenye theluji.

“Uliteleza ukaingia kwenye mlango?” daktari alimuuliza alipokuwa akimfunga plasta.

“Barafu ni nyingi mwaka huu.”

“Na Zenonas?” Marcelė alimuuliza siku chache baadaye, macho yakimeremeta. “Naye kateleza?”

“Naye kateleza.”

“Sikioni?”

Kobe hakufa. Teofilė alimrudisha usingizini taratibu, kama anavyolazwa mtoto aliyeota ndoto mbaya. Kwanza alimweka ukumbini, mbali na jiko. Kisha barazani palipoingia upepo. Kisha chini, kwenye beseni. Kila mara alimgusa mguu kwa kidole, kuona kama bado unavutwa ndani, na kila mara ulivutwa, polepole zaidi. Yeye mwenyewe hakulala vizuri. Mkono ulimuuma, lakini si huo uliomnyima usingizi. Alikuwa amesikia ladha ya damu ya mtu mdomoni, na hakuichukia.

Theluji ikaondoka. Vyura wakaanza kuimba. Jua likawa na joto la kutosha mtu kukaa nje bila kofia, na ndani ya beseni kobe akafungua macho mwenyewe, bila kuamshwa na mtu. Muda ulikuwa umefika. Teofilė akachukua beleshi na kwenda dimbwini kwanza, kwa sababu mnyama wa kupanda na kushuka hawezi kutiwa ndani ya kisima. Alihitaji mahali pa kupanda kuota jua, na mahali pa kutoka akataga. Akaanza kuukata ukingo upande wake. Plasta ilikuwa imetolewa, lakini mkono ulikuwa umeungana vibaya, umepinda, hauna nguvu. Alichimba kwa mkono wa kushoto, akisukuma beleshi kwa tumbo.

Zenonas alimkuta hapo asubuhi hiyo, amevaa mabuti yake marefu ya mpira, ananuka pombe ya jana.

“Unafanya nini?”

“Naondoa ukuta wako.”

“Samaki wanakuja wiki ijayo. Ukibomoa hapo, tope litaingia majini. Acha.”

“Nusu hii ni yangu.”

“Nusu yako! Wewe nusu yako iko kaburini na Feliksas! Umekuja hapa na sanduku, umetufundisha kula kwa uma, umetufundisha kusema pole, umetufunika funika miaka yote kama paka anavyofunika mavi yake. Tuache tuwe tulivyo!” Alimnyang'anya beleshi kwa mkono mmoja na kulitupa kwenye nyasi. “Na huyo kobe wako nitampasua kwa kisigino. Leo. Mbele yako. Yaishe.”

Aligeuka kuelekea nyumbani kwake Teofilė, kwenye chumba cha viazi. Alikuwa anapita ukingoni.

Teofilė alilifikia beleshi, akalishika kwa mikono yote miwili, mzima na mbovu, akalizungusha. Bapa la chuma lilimpata Zenonas usoni aliposikia nyasi na kugeuka. Nyusi ilipasuka mpaka kwenye mfupa. Alikwenda upande, mguu mmoja ukakanyaga hewa, na akatumbukia.

Maji yalikuwa ya barafu iliyoyeyuka juzi. Aliibuka akipiga kelele ambayo haikuwa na neno. Dimbwi alilolichimba mwenyewe lilikuwa na kina kirefu kuanzia ukingoni kabisa. Mabuti yalijaa maji, yakamvuta. Alishika ukuta, na ukuta ukamegeka mikononi mwake. Alishika tena, ukamegeka tena. Mwishowe alipata mzizi uliokatwa na katapila, akaning'inia hapo, kichwa na mikono tu nje, damu ikimfunika jicho na kumwagika majini.

“Nipe mkono!”

Teofilė alisimama juu yake na beleshi.

“Shemeji, nipe mkono!”

“Panda,” alisema.

“Siwezi! Hapapandiki!”

“Kobe naye hapandi hapo.”

Zenonas alimtazama kwa jicho moja. Meno yalimgongana. Katika nyumba ile alikuwa amewahi kuwaona watu wakiwa na hasira, na alijua hasira ya kelele na hasira ya pombe, lakini hii ya mtu aliyesimama kimya hakuwahi kukutana nayo. Teofilė alitazama vidole vyake kwenye mzizi, vikigeuka kuwa vyeupe. Alijua ni kidogo tu kilichobaki. Alijua pia neno ambalo lingetosha baadaye, neno moja, ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelizoea. Lilikuwa tayari mdomoni mwake. Lilikuwa na ladha ile ile ya mwezi wa pili.

Ndipo akachomeka beleshi ardhini, karibu na mzizi, na kuanza kukata.

Alikata kama kichaa. Udongo ulimwangukia Zenonas kichwani, naye akiwa chini akaukwangua kwa kucha za mkono mmoja, akiusukuma chini ya miguu yake. “Huku!” Teofilė alipiga kelele. “Kanyaga hapa! Kanyaga, mjinga wewe!” Mkono uliopinda ulipasuka kwa maumivu mpaka akaona giza, lakini hakusimama. Ukuta ulikuwa ukigeuka kuwa mteremko, mfupi, wa matope, mbaya, lakini mteremko. Zenonas alipata goti. Akapata la pili. Alitambaa kwa tumbo mpaka nyasi, akalala hapo akitapika maji.

Teofilė alimkokota hadi jikoni kwake, akamvua mabuti, akamvika koti la Feliksas, akamwekea bakuli la supu ya ngano nyeusi. Kijiko kiligonga meno yake muda mrefu kabla hajaweza kumeza.

“Ungeniacha,” alisema mwishowe.

“Nilifikiria.”

“Najua. Nilikuona ukifikiria.”

Teofilė alikuwa anamshona nyusi kwa uzi mweusi, kwa mkono wa kushoto, vibaya. Zenonas hakusogea.

“Hata Baba hakuwahi kunitazama vile,” alisema.

“Baba yako hakuwa na cheti.”

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Feliksas, Zenonas alicheka, na mshono ukafumuka, na ikabidi uanzwe upya.

Samaki hawakuja. Hakuna aliyemsikia Zenonas akisema kwa nini. Siku zilizofuata alionekana dimbwini na beleshi, kichwa kimefungwa kitambaa, akikata kingo upande wake na upande wa shemeji yake, akirudisha mchanga kilimani kwa toroli. Hakuongea na mtu. Mtu akisimama kuuliza, alichota mchanga na kumwaga karibu na viatu vya muulizaji.

Jumapili, baada ya misa, Teofilė alimtoa kobe kwenye beseni, akamfunga kwenye aproni. Alipita katikati ya kijiji, makusudi, polepole, kwa koti lake la kanisani ambalo doa la tope halikutoka. Watu walimfuata. Marcelė alikuwa wa kwanza, kama kawaida.

Zenonas alikuwa anasubiri ukingoni. Nyusi ilikuwa imevimba, ya bluu na njano. Sikio moja lilikuwa fupi kuliko jingine. Teofilė alisimama kando yake na mkono wake uliopinda kama tawi, na waliokuja wakawatazama hao wawili zaidi ya walivyomtazama kobe.

“Yesu na Maria,” alisema Marcelė. “Mwalimu, mmeteleza tena?”

“Tumeteleza,” Zenonas alisema upesi, akitazama chini.

“Mwezi wa nne?” Marcelė aliwageukia wenzake, akifurahia. “Jamani, barafu iko wapi? Nionyesheni, na mimi nisije nikateleza!”

Watu walicheka. Teofilė alisubiri wamalize. Alikuwa na sauti ya darasani, na hakuipoteza.

“Hakuna barafu,” alisema. “Tulipigana. Yeye alinivunja mkono kwa mlango wa banda. Mimi nilimng'ata sikio, na juzi nimempasua uso kwa beleshi, akaangukia humu, na nusura afe. Aliwaua kobe wetu, hilo pia ni kweli, mlilisema mkiwa kanisani na mlisema sawa. Una lingine la kuuliza, Marcelė?”

Marcelė alifungua mdomo. Alitafuta, na hakupata kitu cha kubeba kwenda nacho nyumbani, maana kila kitu kilikuwa kimekwisha kuwekwa mezani na mwenyewe.

“Basi shika hii,” Teofilė alisema, akampa aproni yake iliyolowa.

Alimkabidhi Zenonas kobe. Zenonas hakutegemea. Alimpokea kama mtu aliyepewa sufuria lenye moto, vidole vyake vikubwa vikapita kwenye pengo la tupa la baba yake na kusita hapo.

“Miguu ya mbele itangulie,” shemeji yake alisema. “Usimtupe. Muweke kwenye mteremko, aende mwenyewe.”

Zenonas alipiga magoti kwenye tope na kumweka chini. Kobe alikaa amejifungia. Kisha kichwa kikatoka, chenye madoa yake ya njano, kikageuka upande huu na ule, na makucha yakaanza kukwaruza udongo, kuteremka, mpaka maji yakamfika shingoni. Hakuharakisha. Aliingia, na dimbwi likamfunika, na mapovu machache yakapanda mbali kidogo, upande wenye jua.

Zenonas alibaki amepiga magoti.

“Nyanyuka,” Teofilė alimwambia, akimnyoshea mkono ule uliopinda. “Supu inapoa.”